Njia Aliyopita Mtoto Kambarage

Katika kijitabu hiki cha Jubilei wenzetu wameandika habari za misheni zetu, za makanisa yaliyojengwa, na za mapadre na masista waliotutangulia katika imani. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kueleza habari za mahali alipokulia mtu mmoja ambaye hakuzaliwa Ugogo wala hakubatizwa katika jimbo letu. Lakini matendo yake yameigeuza nchi yetu hii ya Dodoma hata haifanani tena na ile waliyoijua babu zetu. Mtu huyo ni Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, ambaye watu wote humwita Mwalimu. Tangu mwaka 2005 Kanisa humtaja kwa jina la Mtumishi wa Mungu, kwa kuwa ndipo lilipofunguliwa shauri la kumtangaza Mwenye Heri. Hukumu ya shauri hilo ni ya Kanisa, wala si juu yetu kuitangulia.

Wakristu wengi na shule nyingi huenda Butiama kuzuru kaburi lake. Hufika, husali, hupigwa picha, kisha hurudi. Ni jambo jema. Lakini sisi makatekista na walimu tuliokwenda pamoja tuliona yafaa kuishika njia yote ya utoto wake, kituo kwa kituo: Butiama alikozaliwa, Mwisenge alikojifunza kusoma, Nyegina alikobatizwa, na Tabora alikomaliza ujana wake. Aliyeipita njia hiyo huliona jambo ambalo kaburi peke yake haliwezi kumwonyesha, ndilo tutakalolieleza hapa.

Butiama

Butiama ni kijiji cha Wazanaki katika Mkoa wa Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Nchi yenyewe ina vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, hata mtu atokaye Dodoma akifika huko haoni ugeni mwingi, maana mawe ya namna ile anayajua kwao. Juu ya kilima kiitwacho Mwitongo ndipo palipokuwa na boma la Chifu Nyerere Burito. Hapo ndipo wazazi walipozikwa, na hapo ndipo mwana wao alipozikwa mwezi wa Oktoba mwaka 1999, baada ya kufariki London tarehe 14 ya mwezi ule. Karibu yake pana msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuheshimu tangu zamani. Pana pia nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka ule ule wa 1999, na ndani yake mgeni huonyeshwa vitu alivyovitumia Mwalimu na zawadi alizopewa.

Mtoto alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Mamaye ni Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano katika wake 22 wa Chifu Burito, na watoto wa nyumba ile walikuwa 26. Husimuliwa kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana, kwa hiyo akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Babaye naye aliitwa Nyerere, maana yake viwavi, kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi na kula mazao. Basi Rais wetu wa kwanza alichukua majina mawili ya kienyeji, moja la njaa na moja la mvua.

Wasomaji wetu wa Ugogo hawahitaji kuelezwa uzito wa majina hayo. Nchi yetu ni kavu. Mvua ya mwaka mzima haifiki sana milimita 600, na mtemi wa Kigogo wa zamani aliheshimiwa kwa sababu ya mawe ya mvua aliyoyatunza. Tena miaka ile Kambarage alipozaliwa, Ugogo ilikuwa imetoka katika njaa kuu ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 wakati wa Vita Kuu, askari wa pande zote mbili walipokwisha kuchukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Watu wetu walikufa kwa maelfu, na wengine wakatawanyika wasirudi tena. Hivyo watoto wa Kigogo wa rika lake walizaliwa na akina mama waliookoka Mtunya. Twayataja haya ili mtu asidhani kwamba zamani zile mtoto wa chifu alizaliwa katika starehe na wengine katika dhiki. Nyumba yenye watoto 26 haikumpa kila mmoja nafasi kubwa. Kambarage alikaa katika nyumba ya mamaye, alilima pamoja naye, alichunga mbuzi na kondoo, na meno yake ya mbele yakachongwa kwa desturi ya kabila lake, kama vile masikio ya wazee wetu yalivyotobolewa kwa desturi ya Wagogo.

Basi ilikuwaje mtoto huyu akatoka machungani? Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Chifu Makongoro wa Ikizu alikuwa rafiki wa Burito, naye alifika Butiama mara kwa mara. Husimuliwa kwamba alipenda kucheza bao, na kijana Kambarage alicheza naye, akionyesha akili iliyomshangaza mzee yule. Ndipo Makongoro akamwambia Burito kwamba mtoto huyu afaa apelekwe shuleni. Burito akakubali. Neno moja lililosemwa na mgeni juu ya bao, na baba aliyelisikiliza: huo ndio mwanzo wa habari yote.

Mwisenge

Kutoka Butiama hata Musoma ni kama maili 26, yaani zaidi ya kilometa 40. Wako watu wasimuliao kwamba alikwenda na kurudi kila siku, lakini hilo haliwezekani kwa miguu ya mtoto. Shule ya Mwisenge ilikuwa na bweni, naye alikaa huko, akirudi kwao wakati wa likizo. Aliingia mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, umri ambao siku hizi mtoto yu karibu kumaliza shule ya msingi.

Shule hiyo ingalipo mjini Musoma, na watoto wangali wakisoma pale. Mgeni akifika huonyeshwa darasa alilosomea Mwalimu. Ni chumba cha kawaida. Mmoja wetu, mwalimu wa shule ya msingi, alisimama mlangoni akahesabu kwa macho madawati mangapi yangeweza kuingia humo, kisha akasema kwamba chumba kama kile anacho yeye pia. Nasi sote tulikaa kimya kidogo, maana alisema kweli.

Jambo la kukumbuka ni hili: Kambarage alipofika Mwisenge hakujua Kiswahili. Kwao walisema Kizanaki, na masomo ya pale yalikuwa kwa Kiswahili. Ilimpasa kwanza ajifunze lugha, ndipo ajifunze hesabu na jiografia kwa lugha ile. Mwalimu James Irenge alikuwa mmoja wa waliomfundisha. Kwa bidii yake kijana alimaliza kwa miaka 3 masomo yaliyopangwa kwa miaka 4, akafaulu vizuri sana, akapata nafasi ya kwenda Tabora. Na mtu huyu aliyeanza Kiswahili katika mwaka wake wa kumi na mbili ndiye aliyefasiri baadaye tamthilia mbili za Shakespeare, na katika uzee wake akazitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili. Mwalimu wa shule zetu za Ugogo, ambaye darasa lake la kwanza limejaa watoto wasemao Kigogo tu, na asikate tamaa upesi.

Tena mji ule ule wa Musoma uliona jambo jingine miaka 40 baadaye. Mwezi wa Novemba 1974 wakuu wa chama cha TANU walikutana huko chini ya uongozi wake, wakatoa lile Azimio la Musoma, kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyetimiza umri apate nafasi katika shule ya msingi. Azimio hilo lilileta taabu zake: vyumba vilikuwa vichache, na walimu wengi walitayarishwa kwa haraka. Lakini sisi tuliosimama katika mlango wa lile darasa la Mwisenge hatukuweza kusahau kwamba aliyelisimamia azimio lile alikuwa mtoto aliyefika shuleni kwa sababu mgeni mmoja alimwona. Alikwisha kuona kwamba haifai watoto wa nchi wangoje wageni wa bahati.

Nyegina

Nyegina ni misheni kongwe karibu na Musoma, kazi ya Wamisionari wa Afrika, ambao wazee waliwaita Mapadre Weupe. Kambarage hakuijua kwa kupelekwa na wazazi, kwa maana wazazi wake hawakuwa Wakristu. Huko Mwisenge alikuwa na rafiki, kijana mwenziwe, jina lake Mang'ombe Marwa, ambaye katika Ubatizo aliitwa Oswald. Huyu ndiye aliyemvuta aende naye mafundisho ya dini.

Tusilipite jambo hili haraka, sisi makatekista. Twapenda kufikiri kwamba watu huja kwa Kristu kwa maneno yetu mazuri na kwa vitabu vyetu. Lakini hapa mwaliko ulitoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto. Mtume Andrea alifanya vivyo hivyo alipomtafuta nduguye Simoni akampeleka kwa Yesu. Na aliyeletwa akawa mkuu kuliko aliyemleta.

Jambo la pili ni uvumilivu. Kambarage alianza mafundisho alipokuwa mwanafunzi wa Mwisenge, lakini hakubatizwa huko. Alikwenda Tabora akiwa bado hajabatizwa, akamaliza masomo ya Tabora bado hajabatizwa, akaenda Makerere vile vile. Babaye alifariki mwezi wa Machi 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa huko Nyegina, akachagua jina la Julius. Alikuwa na umri wa miaka 21. Tangu alipoanza kusikia mafundisho hata siku ile ilikwisha kupita miaka isiyopungua 7.

Katika parokia zetu husikika siku hizi malalamiko kwamba mafundisho ya Kipaimara ni marefu, au kwamba mtoto amekosa mara mbili basi na afutwe. Katika hayo mawili sisi twaona kosa lile lile, yaani haraka. Mapadre wa Nyegina hawakumfukuza kijana kwa kuchelewa, wala hawakumbatiza kabla ya wakati ili waongeze hesabu katika daftari. Walimngoja. Na imani iliyongojewa hivyo haikuyumba, kwa kuwa twajua kwamba hata alipokuwa Rais alihudhuria Misa kwa bidii mpaka uzee wake.

Tabora

Kijana aliyetoka Musoma siku zile alipanda meli ya ziwani hadi Mwanza, kisha gari la moshi hadi Tabora, kwa kuwa reli ilikuwa imefika Mwanza tangu mwaka 1928. Basi hapa safari yake inaingia katika uwanda wetu wa kati. Reli ile ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 ilifika Tabora mwaka 1912, na anayetoka kwetu kwenda kuzuru kituo hiki hupita Manyoni na nchi kavu ya miombo, akifuata njia waliyoipita wapagazi wa zamani.

Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa miaka ya 1920, hasa kwa wana wa machifu, na ilifuata taratibu za shule kubwa za Uingereza. Kambarage alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hata 1942. Majengo yake ya zamani yangalipo, na wavulana wangali wakisoma. Hapo alikutana na vijana wa makabila mengi, na lugha ya kuwaunganisha ilikuwa kile Kiswahili alichojifunza Mwisenge. Hapo pia alizoea midahalo, yaani kusema mbele ya watu na kuwajibu kwa hoja. Husimuliwa kwamba viranja wa shule walikuwa na haki ya kupewa chakula zaidi kuliko wenzao, naye akaipinga desturi hiyo. Mtoto wa chifu, katika shule ya wana wa machifu, alipinga heshima isiyo na sababu: hilo twaliona ni neno la kutosha kwa kituo hiki.

Kiti cha babaye hakukipata yeye, bali nduguye Wanzagi. Alipotoka Makerere alirudi Tabora kufundisha. Serikali ilimtaka katika shule yake kwa mshahara mkubwa zaidi na malipo ya uzeeni. Misheni ilimtaka katika shule ya St. Mary's, aliyoisimamia Padre Richard Walsh. Akachagua misheni. Alifundisha huko tangu 1946 mpaka 1949, alipokwenda Uskoti kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Chamwino, na nchi yetu ya Dodoma

Mwenye kurudi kutoka safari hii hufika nyumbani, na nyumbani pia pana nyayo za mtu huyu, ijapokuwa si za utoto. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Rais alikaa katika kijiji cha Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Tarehe 1 Oktoba 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Wengi walicheka, wakiuliza nani atahamia nchi ya njaa. Leo ofisi za Serikali zipo, na mwaka 2023 Ikulu mpya ilizinduliwa pale Chamwino.

Lakini tuliahidi kuandika historia, na historia haifichi. Wazee wetu hawakusahau kwamba katika miaka ile ya vijiji wengine walihamishwa kwa nguvu, wakaacha mashamba yao, na nyumba zao za tembe zikabomolewa. Tena kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilitwaliwa na Serikali, zile ambazo mapadre na Wakristu walizijenga kwa jasho. Jimbo letu, lililoanza kama Prefektura mwaka 1935 chini ya Mapadre Wapasionisti na kuwa Jimbo kamili mwaka 1953, liliuhisi uchungu wa jambo hilo kama majimbo mengine. Aliyelelewa na misheni ndiye aliyezitwaa shule za misheni. Wengine walinung'unika. Sababu aliyoitoa ni kwamba shule zisiwe za Wakristu peke yao, hali Waislamu na wengine wamebaki nje. Hatuandiki haya ili kumshitaki wala kumtetea. Twaandika ili mtoto asomaye ajue kwamba mtu mwema naye hufanya mambo yanayoumiza, na kwamba Kanisa likimchunguza mtu halimchungui kwa sifa tupu.

Jambo tuliloliona

Sasa tuseme lile jambo tuliloliona katika vituo vyote. Watu hupenda kusimulia utoto wa wakubwa kana kwamba ukubwa ulikuwa umeandikwa tangu siku ya mvua ile ya Butiama. Sisi hatukuona hivyo. Tuliona watu. Makongoro alisema neno. Burito alilisikia. Mama Mgaya alimwacha mwanawe aende. Irenge alifundisha. Marwa alimwambia, Twende pamoja. Mapadre walingoja. Kama mmoja wao angalinyamaza, kijana yule huenda angalikuwa mchungaji hodari wa mbuzi, mwenye kushinda watu wote katika bao, na sisi tusingalimjua.

Je, wako wangapi wa namna hiyo kati yetu? Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika shule za Serikali hata kidato cha 4, wala mtoto wa Kigogo halazimiki kutembea maili 26. Hata hivyo, kila mwalimu wa vijiji vyetu anajua viti vinavyobaki wazi wakati wa kuchunga na wakati wa mavuno, na anajua msichana aliyeacha kuja bila mtu kuuliza. Shule ipo, mlango uko wazi, lakini msemaji hayupo.

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, twaomba jambo moja katika mwaka huu wa Jubilei. Wazee wa kila jumuiya ndogo ndogo wakikutana kusali na wawataje kwa majina watoto wa jumuiya yao wasiofika shuleni wala mafundishoni, na mzee mmoja apewe kazi ya kwenda kwa baba wa mtoto huyo na kusema naye, kama Makongoro alivyosema. Mwalimu naye amjue mtoto anyamazaye kwa kuwa hajui lugha bado. Na watoto wetu waliokwisha kuanza mafundisho wafundishwe kuwaalika wenzao. Mambo haya hayahitaji michango ya fedha wala kamati.

Mungu aliyewaangazia watu wale wa Butiama, wa Mwisenge na wa Nyegina, hata wakamwona mtoto mmoja, atujalie na sisi macho ya kuwaona watoto aliotupa. Amina.